UZI: Kiaisilandi na Kifaroe, lugha zilizoipa kompyuta ukoo na mkia

#1 Mvuvi wa Maneno

Wakuu salaam. Jukwaa limepoa, tangu juzi watu wanagombania neno "mubashara" tu. Naweka uzi kwa wale wanaopenda kuchokonoa maneno. Nipo Reykjavík, Aisilandi, miaka kadhaa sasa, kazi yangu haihusiani na isimu hata kidogo, ila lugha ya hawa watu imeniingia damuni, na ya majirani zao wa Faroe nimeifuatilia kwa kuwa ukiijua moja, nyingine unaisoma nusu bure.

Tuanze na wenyewe. Aisilandi ina watu wasiofika laki nne. Visiwa vya Faroe vina watu kama 54,000, maana yake taifa zima lingeenea Uwanja wa Mkapa na viti vikabaki. Wote ni uzao wa mabaharia wa Kinorwe wa zama za Waviking, na lugha zao zimetoka tumbo moja.

Ila malezi yalitofautiana. Kiaisilandi kiliandikwa mapema, tangu karne ya 12, na hakikuacha kuandikwa. Agano Jipya lilichapwa kwa Kiaisilandi mwaka 1540, Biblia nzima 1584. Kwa hiyo hata chini ya mfalme wa Denmark, kanisani Mungu alisifiwa kwa Kiaisilandi. Faroe ilikuwa kinyume. Kanisani Kidenishi, mahakamani Kidenishi, shuleni Kidenishi. Kifaroe kikabaki cha nyumbani, cha mashuani na cha tenzi ndefu wanazoimba huku wakicheza duara. Tahajia yake ya leo ilitungwa na V. U. Hammershaimb mwaka 1846. Biblia nzima ya Kifaroe ilitoka 1949, mwaka mmoja tu baada ya sheria ya 1948 ya kujitawala kwa mambo ya ndani, iliyokitambua Kifaroe kuwa lugha kuu ya visiwa. Kati ya Biblia ya huku na ya kule kuna pengo la zaidi ya miaka 360. Likumbukeni pengo hilo.

Sasa utamu wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Aisilandi kilipata kompyuta yake ya kwanza, na mashine ikahitaji jina. Msomi wa fasihi ya kale, Sigurður Nordal, mwaka 1965 akatoa neno tölva. Alichukua *tala*, yaani namba, akaioanisha na *völva*. Völva ni mwaguzi wa kike katika imani ya kale ya Wanorwe, yule anayeulizwa na miungu mambo yajayo. Kuna utenzi maarufu wa kale, Völuspá, ambao wote ni maneno ya mwaguzi huyo. Na völva mwenyewe jina lake linatokana na *völur*, fimbo, kwa sababu alitembea na fimbo ya uaguzi. Basi kila ofisi ya Reykjavík ina mwaguzi wa namba mezani.

Sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo asili ya neno na mnyambuliko vilipogongana. Kiaisilandi kina kanuni kwamba *u* ikija kwenye kiambishi cha mwisho, *a* iliyo nyuma yake huvutwa ikawa *ö* (midomo iviringe kama unasema "o", ulimi ukae pa "e"). Ndiyo maana *saga*, hadithi, ikitumika kama yambwa (yaani kitu kinachotendwa) inakuwa *sögu*. *Amma*, bibi, inakuwa *ömmu*. Tölva nayo ikitumika kama yambwa ni *tölvu*. Wananchi wakaisikia *tölvu*, wakafanya hesabu ya kichwani: sögu hutoka saga, ömmu hutoka amma, basi tölvu lazima itoke *talva*! Mpaka leo wapo wengi wanaosema talva, na walimu wanawasahihisha. Lakini hao hawakuharibu lugha jamani. Wameitii kanuni kuliko aliyetunga neno. Nordal alitaka ö ya völva, ambayo ni ya kudumu, watu wakadhani ni ö ya kupita.

Naweka nukta kwanza. Karibuni.

#2 Kibao cha Mbuzi

Uzi mtamu ila swali la haraka. Huku kwetu tuliletewa "tarakilishi", tukaletewa na "ngamizi", na bado mtaani watu wanasema kompyuta. Hao wenzetu walimchapa nani viboko mpaka wakakubali tölva?

#3 Mvuvi wa Maneno

> mpaka wakakubali tölva?

Hahaha, hakuna kiboko. Na usidhani kila neno linalotungwa huku linashika. Kuna makaburi mengi. Ndizi walitungiwa *bjúgaldin*, "tunda lililopinda". Likafa, watu wanasema *banani*. Chungwa likaitwa *glóaldin*, tunda linalong'aa, likafa nalo, wanasema *appelsína*. Pizza walitaka iitwe *flatbaka*, wapi! Gari ndiyo mfano ninaoupenda zaidi: *bifreið* lipo kwenye sheria na makaratasi ya serikali, lakini mtu akiwa barabarani anasema *bíll*, kipande kilichokatwa kwenye "automobile" kikapitia Kidenishi.

Yaliyoshika ukiyatazama yana tabia zinazofanana. Ni mafupi. Yalifika mapema, kabla kitu chenyewe hakijazoeleka mikononi mwa watu. Na mara nyingi yana ndugu ambao mtu anawajua tayari. *Sími*, simu, ni neno la kale lililokuwa limekufa, maana yake uzi au kamba. Walilifufua waya zilipokuja, na leo simu ya mkononi ni *farsími*, simu ya safari, na simu janja ni *snjallsími*, ingawa hakuna tena waya wowote. *Skjár*, skrini, zamani ilikuwa ngozi nyembamba ya mnyama iliyowambwa dirishani kabla ya vioo. Umeme ni *rafmagn*, nguvu ya kaharabu, kwa kuwa Wagiriki waliiona kaharabu ikivuta vumbi baada ya kusuguliwa, na jina lao la kaharabu ndilo lililozaa "elektroni".

Tarakilishi ina silabi tano na ilifika watu wameshazoea kompyuta. Hapo sioni ajabu.

#4 Ticha Mstaafu

Mvuvi, hongera, ila usiwasifie sana kwa kutunga. Sisi nasi hutunga na yanashika: mtandao, tovuti, barua pepe, kikokotoo. Swali langu ni hili: hilo *bíll* la mkopo, wakishalikopa wanalifanyaje? Maana Kiswahili kikikopa hakiachi kitu salama. Waarabu walituletea *kitab*, sisi tukaona "ki" mwanzoni, tukasema hiki ni kitabu, hivi ni vitabu. Wazungu wakaleta kibao cha barabarani cha kukaa kushoto, leo tuna kiplefti na viplefti.

#5 Mvuvi wa Maneno

Mwalimu umegonga penyewe, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuanzisha uzi huu. Watu wa nje husifu Kiaisilandi kwamba ni "safi", hakikopi. Mimi naona usafi ni hadithi nusu. Nguvu yake ipo kwenye mikia ya maneno, yaani viambishi vya mwisho. Neno lolote likiingia, la kutungwa au la kukopwa, linapewa jinsia, kisha linapachikwa mikia yote. *Bíll* ni la kiume: bíll, bíl, bíl, bíls, na magari ni *bílar*. Kioski ni *sjoppa*, wameokota neno la Kiingereza la duka wakalitia -a ya kike, likitendwa ni *sjoppu*, yakiwa mengi ni *sjoppur*. Kutafuta kitu Google ni *gúgla*. Neno likishakubali mikia, ni raia, hakuna anayeliuliza pasipoti.

Ngoja nieleze hiyo mikia. Nomino ina hali nne, wanaisimu wetu huziita uhusika. Farasi:

*hestur*: farasi ndiye mtenda
*hest*: farasi ametendwa, ameonwa, ameuzwa
*hesti*: farasi amepewa kitu, au tumetoka kwake
*hests*: kitu ni cha farasi

Wingi: *hestar, hesta, hestum, hesta*. Halafu "yule farasi tunayemjua" haina neno la mbele, inabandikwa nyuma, nayo ina mikia yake: *hesturinn, hestinn, hestinum, hestsins*, na wingi wake *hestarnir, hestana, hestunum, hestanna*. Hesabu vyumba, ni kumi na sita, japo hesta imejirudia.

Watoto shuleni hukariri kwa kuweka neno kwenye vichanja vinne: *hér er* (huyu hapa), *um* (kuhusu), *frá* (kutoka kwa), *til* (kwenda kwa). Jaribu jina la mtu, Egill: *hér er Egill, um Egil, frá Agli, til Egils*. Umeona hiyo Agli? E ya Egill ilikuwa *a* zamani sana, ikavutwa na *i* iliyoifuata. Kwenye Agli, *i* ya katikati ilidondoka na *a* ya asili ikabaki imekaa pale pale. Birika, *ketill*, nayo inakuwa *katli*.

#6 Binti Makunduchi

Yaani jina langu mtu akinisema vibaya linabadilika, akinipa zawadi linabadilika?? Hapana, mimi siendi.

#7 Mvuvi wa Maneno

Dada, hata miji inabadilika. Kuna mji wa mashariki unaitwa *Egilsstaðir*. Ukiwa pale uko *á Egilsstöðum*. Ukielekea huko unakwenda *til Egilsstaða*. Mgeni akiangalia ratiba ya basi anadhani ni vituo vitatu.

Na majina ya watu ndiyo usiseme. Wengi hawana jina la ukoo, wana jina la baba katika hali ya umiliki. Rais Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa mwaka 1980, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi kwa kura kuwa rais wa nchi, ni binti wa Finnbogi, na Finnbogi katika umiliki ni *Finnboga*. Sasa baba akiitwa Sigurður pana kituko: mtoto wa kiume ataitwa *Sigurðsson*, wa kike *Sigurðardóttir*. Baba mmoja, umiliki wa namna mbili, kwa sababu jina hilo lina mikia miwili ya umiliki, -s na -ar, na mazoea yakagawa hivyo.

Kuna hadi kamati ya majina, *Mannanafnanefnd*, tangu 1991. Ukitaka kumpa mtoto jina geni, wanaangalia kama linaweza kubeba mkia wa umiliki wa Kiaisilandi. Wapo wanaoichukia kamati hiyo kweli kweli, na sheria imelegezwa kidogo miaka ya karibuni.

#8 Jirani wa Nyhavn

Naingilia nikiwa Copenhagen. Hapa Wafaroe wapo wengi, wanakuja kusoma. Ninachowasikia wakizungumza si hicho unachokieleza mkuu. Wanachanganya Kidenishi kwa raha zao. Hata hesabu: Kiaisilandi hamsini ni *fimmtíu*, lakini Mfaroe utamsikia akisema *hálvtrýss*, na sitini ni *trýss*, yaani ishirini mara tatu, mtindo wa Kidenishi huo mtupu. "Kupendekeza" maandishi yanataka *viðmæla*, mdomoni inatoka *anbefala*. Mnawaonea kuwaweka kapu moja na Kiaisilandi.

#9 Mvuvi wa Maneno

Jirani nakuunga mkono, na lile pengo la miaka 360 ndilo jibu. Lugha iliyofungiwa nje ya kanisa na shule lazima ipigwe na lugha ya ibada na ya darasa. Ila hata Kifaroe kilipopata nafasi kilitunga, na kilitunga chake, hakikunakili Kiaisilandi. Kompyuta kwao si tölva, ni telda, kutoka *telja*, kuhesabu. Hakuna mwaguzi hapo, wao ni watu wa kazi. Barua pepe huku ni *tölvupóstur*, kule *teldupostur*. Helikopta ni *þyrla* huku na *tyrla* kule, kitu kinachozunguka. Televisheni zote mbili ni *sjónvarp*, kurusha picha, na redio ni *útvarp*, kurusha nje.

Hiyo þyrla/tyrla inaonyesha jambo. Kiaisilandi kina þ, ambayo sisi tunaijua bila shida, ni th ya thelathini, na ð ni dh ya dhahabu. Wazungu wengi wanahangaika nazo, Mswahili anapita tu. Kifaroe kimeipoteza þ. Kwa kawaida imekuwa *t*: mji mkuu Tórshavn, bandari ya Thor (mungu wa kale wa Wanorwe), kwa Kiaisilandi ni Þórshöfn. Lakini kwenye maneno madogo ya kuonyesha imekuwa *h*: "hii" ya Kiaisilandi *þetta*, ya Kifaroe *hetta*, "pale" *þar* ikawa *har*. Na ð inaandikwa ila kwa kawaida haitamkwi! *Maður*, mtu, Mfaroe anatamka kama "meavur". Hammershaimb aliiacha kwenye tahajia ili maandishi yafanane na asili ya kale na yasipendelee kisiwa kimoja. Msomi Jakob Jakobsen alileta tahajia ya kufuata matamshi mwaka 1889, wakaikataa.

Kingine cha Kifaroe ni kile wanachoita *skerping*, kunoa. Irabu ndefu fulani zilipokutana na irabu nyingine katikati pakachipuka konsonanti ngumu. Ng'ombe jike, Kiaisilandi *kýr*, Kifaroe *kúgv*. Bahari *sjór*, kwao *sjógvur*. Mpya *nýr*, kwao *nýggjur*. Ndiyo maana Yohana wao ni Jógvan.

#10 Ticha Mstaafu

Na mikia je? Kifaroe kina hali nne pia?

#11 Mvuvi wa Maneno

Kwenye vitabu vya sarufi ndiyo, nne. Mdomoni tatu na ushee. Majina ya hizo hali kwanza: Kiaisilandi kimezipa majina ya maana, *nefnifall* ya kutaja, *þolfall* ya kustahimili, *þágufall* ya kupokea, *eignarfall* ya mali. Hiyo ya kustahimili inanichekesha, mtendwa kazi yake ni kuvumilia. Kifaroe kikasema kwa nini tujisumbue, kikachukua neno "nani" na kulinyambua lenyewe: *hvørfall, hvønnfall, hvørjumfall, hvørsfall*. Jina la hali linakuonyesha mkia wake hapo hapo. Kama kuna mwalimu wa sarufi mwenye tuzo ya kugawa, awape Wafaroe.

Tukirudi kwa farasi: umoja ni ule ule, hestur, hest, hesti, hests. Wingi, mtenda na mtendwa wamelingana, *hestar* na *hestar*, wakati Kiaisilandi kinatenganisha. Na umiliki umenyauka. Kitabu cha Jógvan hawasemi kwa mkia, wanasema *bókin hjá Jógvani*, kitabu "kwa Jógvan". Umiliki wa mkia umebaki kwenye misemo iliyoganda kama *til lands*, kwenda nchi kavu. Kwa hiyo mkia mmoja ulipochoka, neno dogo *hjá* likabeba mzigo. Maisha yakaendelea.

Nao Waaisilandi wasijidai, wana ugonjwa wao, na wenyewe wanauita ugonjwa: *þágufallssýki*. "Natamani" husemi "mimi natamani", unasema *mig langar*, kana kwamba hamu imekupata wewe mtendwa. Watu wengi wanasema *mér langar*, wanatumia hali ya mpokeaji. Walimu wanapiga kelele toka karne iliyopita, ugonjwa hauponi.

#12 Binti Makunduchi

Hiyo nimeielewa! Hata sisi tunasema "nimeshikwa na njaa", "usingizi umenichukua". Nimerudi kwenye uzi.

#13 Mchokozi

Mimi nataka siku za wiki. Nimeambiwa Wazungu wote wana siku za miungu ya kipagani. Kweli?

#14 Mvuvi wa Maneno

Mchokozi leo umechokoza vizuri. Wafaroe ndiyo: *týsdagur* siku ya Týr, *hósdagur* Alhamisi ya Thor (ile þ iliyogeuka h tena), *fríggjadagur* Ijumaa ya Frigg. Waaisilandi hapana. Masimulizi ya kale yanasema askofu Jón Ögmundsson wa Hólar, mwanzoni mwa karne ya 12, alikataza miungu hiyo kutajwa kwenye kalenda. Wakahesabu: Jumanne ni *þriðjudagur*, siku ya tatu. Jumatano *miðvikudagur*, katikati ya wiki. Alhamisi *fimmtudagur*, siku ya tano. Ijumaa *föstudagur*, siku ya kufunga. Jumamosi ni *laugardagur*, siku ya kuoga (Wafaroe nao *leygardagur*).

Sasa tazama: Alhamisi yetu kwa Kiarabu ni "ya tano", kama fimmtudagur kabisa, wote wanahesabu kuanzia Jumapili. Sisi tumeongeza vurugu yetu, Jumatano nayo ni ya tano kwa kuhesabu toka Jumamosi, kwa hiyo tuna siku mbili za tano zimekaa jirani.

#15 Ticha Mstaafu

Kwa kuwa umetaja kuhesabu: namba zao zinafuata nomino kama zetu?

#16 Mvuvi wa Maneno

Zinafuata, Mwalimu, na zinaishia njiani kama zetu. Sisi moja mpaka tano na nane zinabeba ngeli, watu wawili, vitabu viwili, ila sita, saba, tisa tulizikopa kwa Waarabu na zinasimama wima. Kiaisilandi moja mpaka nne zinabeba jinsia na hali: *tveir hestar* (farasi, kiume), *tvær kýr* (ng'ombe, kike), *tvö börn* (watoto, isiyo ya kiume wala kike). Tatu: *þrír, þrjár, þrjú*. Nne: *fjórir, fjórar, fjögur*. Kuanzia tano kimya. Kifaroe kinaishia tatu: *tríggir, tríggjar, trý*, halafu nne ni *fýra* kwa wote, imeshachoka.

#17 Jirani wa Nyhavn

Mkuu malizia na asili za nje, maana umesema usafi ni hadithi nusu. Nilisikia wana maneno ya Kiairishi.

#18 Mvuvi wa Maneno

Wanayo, tena ya tangu mwanzo. Mabaharia walipita Ireland na Scotland kabla ya kufika huku, wakaja na wake na watumwa wa huko, na hata uchunguzi wa vinasaba umeonyesha akina mama wengi wa mwanzo walitoka upande huo. Fahali kwa Kifaroe ni *tarvur*, Kiaisilandi *tarfur*, ni *tarbh* ya Kiairishi. Majina Njáll, Kjartan na Kormákur ambayo leo ni ya Kiaisilandi kindakindaki ni ya Kiairishi yaliyopewa mikia. Kisiwa cha Papey kina jina la *papar*, watawa wa Kiairishi.

Anayetaka kuchimba mwenyewe: Taasisi ya Árni Magnússon ina hazina ya bure mtandaoni ya mnyambuliko wa Kiaisilandi, inaitwa *Beygingarlýsing íslensks nútímamáls*. Unaandika neno lolote, hata *pizza*, inakumwagia jedwali zima. Kwa Kifaroe ingia kamusi za mchapishaji Sprotin. Anzeni na *maður* pande zote mbili mlinganishe wingi, huku *menn, menn, mönnum, manna*, kule *menn, menn, monnum, manna*. Binti Makunduchi, ukishaiona hiyo uniambie kama bado huendi.